Pumzi ipo, lakini mifupa je?

IWAPO unajitayarisha kwa mbio zako za kwanza za masafa marefu, pengine za kilomita 21, jihadhari na wiki ya nne au ya tano ya mazoezi. Wakati huo pumzi haikatiki tena upesi, na wengi hudhani mwili wote uko tayari.

Moyo na mapafu huzoea mazoezi kwa wiki chache. Mifupa na kano huhitaji miezi. Unapokimbia, mfupa huchakaa kidogo, kisha mwili huukarabati unapopumzika. Ukiongeza masafa kwa pupa, uchakavu huushinda ukarabati, na ufa mwembamba hutokea, hasa katika mfupa wa muundi au wa wayo.

Basi anza miezi minne kabla ya siku ya mashindano. Kimbia siku tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ongeza masafa kidogo kidogo, na kila wiki ya nne uyapunguze.

Maumivu ya misuli yanayotulia baada ya siku mbili tatu si ya kutisha. Lakini ukisikia uchungu mahali pamoja tu unapobonyeza mfupa kwa kidole, nao huzidi unapokimbia, acha mazoezi umwone daktari. Eksirei ya mapema isiyoonyesha kitu isikupumbaze, kwani ufa huo huenda usionekane katika wiki mbili tatu za kwanza. Ukiendelea kukimbia, mfupa waweza kuvunjika kabisa.

Ni afadhali kukosa mbio za mwaka huu kuliko kutembea kwa magongo.