Nani anamukatia nani maneno?

Mu 1975 Candace West na mwenzake Don Zimmerman, wanasosiolojia wa Marekani, walitoa utafiti mudogo ambao mpaka leo watu wanautaja. Walichukua mazungumzo 31 ya watu wawili wawili, mingi ikiwa imerekodiwa fasi za kawaida, mahali watu wanakunywa kahawa, ku maduka. Kisha wakahesabu: nani anaingilia mwenzake mbele amalize kusema?

Wanaume kwa wanaume, wanamuke kwa wanamuke, ilikuwa mara 7 tu mu mazungumzo 20. Mu ile 11 ya mwanaume na mwanamuke ilifika mara 48, na mara 46 ni mwanaume ndiye alimukatia mwanamuke.

Mutu atasema 31 ni kidogo. Ni kweli, na wengine waliopima kisha yao hawakupata kila mara matokeo ile ile. Lakini hesabu ilionyesha kama jambo tunaloita adabu mbaya linaweza kupimwa. Sisi wa agronomia tunalikuta mu shamba: unauliza mama juu ya mbegu yake ya maharagi, baba anajibu. Fomu inajaa maneno ya baba, na kumbe mama ndiye anachagua mbegu kila musimu.

Kisha West akaenda kwa madaktari. Mu kitabu chake cha 1984 alichunguza namna daktari na mugonjwa wanazungumza. Tungefikiri mwenye cheo ndiye anakatia wengine, na kwa madaktari wanaume ilikuwa hivyo. Kwa madaktari wanamuke, ambao walikuwa wachache, wagonjwa ndio walikatia daktari zaidi! Diploma na bluzi nyeupe havikutosha.

Sasa, cheo kikishindwa, nini inafanya kazi pale? Jibu lake na Zimmerman ni kwamba jinsia si kitu unazaliwa nacho tu na kukibeba. Unaifanya mbele ya wengine, kila siku, kwa namna ya kusema, kunyamaza, kukaa, na wale wengine wanakuhukumu kama umeifanya vile wanangojea. Daktari mwanamuke anahukumiwa kama daktari na kama mwanamuke, saa moja.

Makala yenyewe waliiandika karibu 1977. Majarida yaliikataa miaka kumi. Ilitoka 1987 mu jarida Gender & Society, lililokuwa limeanza mwaka ule ule, na leo ni kati ya makala zinazotajwa zaidi mu sosiolojia.