Bunduki Wakati Mwenyewe Yuko Safarini

Ni desturi ya zamani katika nchi ya Wamasai kwamba mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika boma moja. Huwapeleka wengine kwa rafiki zake, huku na huko, ili ugonjwa ukiingia mahali pamoja, au mvua ikikataa, asifilisike kwa siku moja. Ng'ombe wale hukaa mikononi mwa rafiki, maziwa yao hunywewa na watoto wa rafiki, na mwenyewe hulala usingizi. Desturi hii ni njema, nayo imewaokoa watu wengi katika miaka ya njaa. Twaitaja hapa mwanzo kwa kuwa iko mali moja ambayo mtu wa Oloipiri, au wa Karatu, au wa mahali po pote pa Tanzania, akiifanyia vivyo hivyo hujitia mashakani, na rafiki yake humtia pamoja naye. Mali hiyo ni bunduki ya kuwindia.

Leseni ya bunduki hupewa mtu. Haipewi nyumba wala ukoo. Sheria iliyo na nguvu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya 1991, na kwa sheria hiyo mtu asiye na leseni hana haki ya kushika silaha. Basi mtu aitwaye Arusha kwa shauri la mahakamani, au apelekaye mgonjwa hospitali, humwambia ndugu yake, "Niwekee bunduki hii mpaka nirudi." Ndugu huipokea kwa moyo mwema, akaiweka nyuma ya kitanda. Tangu saa ile amekuwa mtu mwenye silaha pasipo leseni. Polisi wakiikuta kwake hawataanza kwa kumwuliza kama alikusudia mema, na mwenye leseni naye ataulizwa kwa nini silaha aliyokabidhiwa yeye imeonekana katika mikono ya mwingine. Ruhusa ya kushika silaha hutoka serikalini, haitoki kwa mwenye bunduki, hata akiwa mzee wa namna gani. Na wenye magobori wasidhani kwamba habari hizi ni za wenye bunduki za kizungu tu. Gobori nalo ni silaha.

Labda msomaji atasema, Basi nitakwenda nayo. Tuitazame njia. Oloipiri iko katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, na mpaka wa Kenya uko upande wa kaskazini. Mtu atokaye huko kwenda Karatu aweza kupita katika Hifadhi ya Serengeti na nchi ya Ngorongoro, akatokea katika lango la Lodoare. Lakini sheria ya hifadhi za taifa yakataza mtu kuingia na silaha hifadhini bila ruhusa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yasema hivyo hivyo kwa mapori ya akiba. Kusema "Nilikuwa napita tu" hakumsaidii mtu langoni, ijapokuwa leseni yake ni halali kabisa. Njia ya pili ni ile ya Sonjo na Ziwa Natron, hata kushuka Mto wa Mbu na kupanda tena Karatu. Njia hiyo ni ndefu, na pengine msafiri hulazimika kulala katika nyumba ya wageni. Sasa na ajiulize: ufunguo wa chumba kile uko mmoja tu? Akitoka kwenda kula, bunduki ataipeleka hotelini? Akienda msalani je? Mtu aliye na bunduki mjini hana nafasi ya kufanya neno jingine lo lote, maana yeye amekuwa mlinzi wake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mtu ambaye safari yake si ya kuwinda asiichukue bunduki, wala asimwachie mtu. Aipeleke kituo cha polisi kabla ya kuondoka, aombe itunzwe huko mpaka arudi.

Wako watakaoona jambo hili ni la aibu, kama kwamba mtu amenyang'anywa mali yake. Tena si jambo jipya. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 mataifa yaliyotia sahihi yalikubaliana kwamba bunduki ziingizwazo katika sehemu kubwa ya Afrika ziwekwe kwanza katika ghala la serikali, na mwenyewe alipe gharama, asipewe pasipo ruhusa. Hatusemi kwamba nia ya watu wale ilikuwa njema yote. Walitaja biashara ya watumwa, lakini waliogopa pia kuona bunduki nzuri katika mikono ya Waafrika. Hata hivyo fikira ya ghala yenyewe ina maana: nyumba yenye mlango wa chuma, daftari, na askari asiyelala, ni bora kuliko nyumba ya mtu mmoja aliye mbali.

Aendapo polisi, mwenye bunduki aitoe risasi zote nyumbani kwake, nje ya nyumba, kasiba ikielekezwa mahali pasipo na mtu wala mnyama, kisha atazame ndani kwa macho na kwa kidole. Wengi wamekufa kwa bunduki iliyosemwa kuwa haina kitu. Achukue leseni yake. Risasi zihesabiwe mbele ya askari, na hesabu iandikwe pamoja na namba ya bunduki iliyochorwa katika chuma. Aombe hati ya kupokelewa, wala asione haya kuomba. Askari mwema hupenda hati, kwa sababu yamlinda yeye pia. Siku ya kurudi alinganishe namba na hati kabla ya kutoka mlangoni. Kabla ya kuipeleka aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta, wala asiiache ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai kwa majuma mengi, kwa maana mfuko hunywa unyevu wa hewa na kuuweka karibu na chuma. Katika nchi ya juu kama Karatu, yenye ukungu wa asubuhi, kutu huanza upesi.

Wako pia watu wenye makabati ya chuma, kama wenye mashamba ya kahawa upande wa Karatu na makampuni ya uwindaji. Kabati ni kitu chema likifungwa kwa misumari mikubwa katika ukuta wa mawe au saruji. Likiwa limesimama tu pembeni, wezi wanne hulibeba wakalifungue porini kwa nafasi. Sanduku la bati lenye kufuli ya sokoni ni kazi bure; humwonyesha mwizi mahali pa kutafuta. Na nyumba ya Kimasai iliyojengwa kwa fito na samadi, ijapokuwa ni nyumba njema kwa baridi na upepo, yaweza kufunguliwa upande wa nyuma kwa panga. Hatuoni njia ya kuifanya iwe ghala la silaha.

Mwenye kabati azingatie mambo ya ufunguo kuliko mambo ya kabati. Tumesikia mara nyingi juu ya kabati la thamani kubwa ambalo ufunguo wake hutundikwa katika msumari nyuma ya mlango, na watoto wote wa nyumba waujua. Ufunguo usafiri na mwenyewe. Tena bunduki nyingi za kuwindia zina bolti, yaani kile chuma chenye mkono kinachovutwa nyuma ili risasi iingie. Chuma hicho hutoka kwa urahisi, na bunduki iliyotolewa bolti haipigi. Ikiwekwa mahali pengine, mwizi amepata kasiba na kitako tu. Bunduki ya marisaa ikunjwayo katikati nayo hutengana vipande viwili. Risasi ziwe katika sanduku lake lenye kufuli yake, mbali na jiko na mbali na jua. Joto huharibu baruti, na moto ukishika nyumba, risasi hupasuka wakati majirani wanakuja kuuzima.

Zamani katika safari za uwindaji kila bunduki ilikuwa na mtu wake, mbeba bunduki, na kazi yake ilikuwa kutoiacha itoke mkononi mwake mpaka aikabidhi kwa mwindaji. Watu wale waliheshimiwa sana kambini, na kwa haki. Siku hizi motakaa imechukua mahali pao, nayo haina macho. Bunduki huegemezwa kwenye mti wakati wa kula, au huachwa juu ya kiti cha gari usiku kwa kuwa kesho alfajiri itatakiwa. Kambi iliyo na utaratibu huhesabu bunduki na risasi kila jioni, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina hushika ufunguo. Mgeni atokaye ng'ambo hupimwa hivyo tangu uwanja wa ndege: bunduki husafiri haina risasi, katika sanduku gumu lenye kufuli, risasi zikiwa zimefungwa mbali nayo, wala haziruhusiwi kupita kilo 5 kwa msafiri mmoja.

Ikiwa bunduki imepotea pamoja na tahadhari hizi, polisi waambiwe siku ile ile, hata kabla ya kuitafuta kwa jirani. Kuna kesi mashuhuri ya Kenya inayofaa kukumbukwa. Usiku wa tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll alipigwa risasi akafa ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi. Siku chache kabla ya hapo, Sir Delves Broughton alikuwa amewaarifu polisi kwamba bastola zake mbili zimeibiwa nyumbani kwake. Aliposhitakiwa kwa kuua, wizi ule ukawa sehemu ya kesi: upande wa mashtaka ulisema haukuwa wizi wa kweli. Mafundi wakaletwa kupima risasi na alama zinazochorwa na mifereji iliyo ndani ya kasiba, na tarehe 1 Julai mwaka ule mshitakiwa aliachiliwa. Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Silaha ikiisha kupotea na mtu akafa, kila neno alilolisema mwenye silaha hupimwa upya: aliiweka wapi, ni nani aliyejua, aliarifu lini, namba yake ni ngapi. Mtu aliyeandika namba na kushika hati ana jibu.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi yetu kuliko penginepo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu John Goddard aliwatambua vifaru 108 katika Kreta ya Ngorongoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa hawafiki 20, kwa kuwa wengi waliuawa na majangili. Mwisho wa Januari 2016, katika Pori la Akiba la Maswa, rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi toka chini alipokuwa akiwatafuta majangili waliokwisha kuua tembo, akafa. Hatusemi kwamba silaha ile ilitoka nyuma ya kitanda cha mtu. Twasema kwamba jangili hawezi kwenda dukani na leseni. Silaha yake hutoka mahali fulani, na nyumba ambayo mwenyewe amesafiri ni mojawapo ya mahali hapo. Pia mpaka uko karibu, na bunduki ikiisha kuvuka, kuirudisha ni kazi ya serikali mbili.

Imebaki safari moja isiyo na marejeo. Mwenye bunduki akifa, watoto hugawana ng'ombe, na bunduki hukaa juu ya dari miaka mingi, kila mtu akidhani ni ya mwingine. Bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ya baba imekwisha pamoja naye, na mwana aitakaye hana budi kuomba leseni yake mwenyewe, silaha ikiwa mikononi mwa polisi kwa wakati huo. Mwezi wa Septemba na Oktoba 2023 serikali ilitoa msamaha kwa watu waliosalimisha silaha walizokuwa nazo kinyume cha sheria. Msamaha wa namna hiyo huja na kupita. Laigwanani, mwalimu au mtendaji wa kijiji aliyehudhuria maziko ya mtu aliyekuwa na bunduki anaweza kuuliza, kwa upole na bila kungoja matanga kwisha, iko wapi, na nani ataipeleka Loliondo.