Sura ya 6: Kuoanisha Saa za Kompyuta

Miaka ya 2000, mradi wa utafiti wa ICT4RD, ulioshirikisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo cha KTH cha Stockholm, ulijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, ukitumia nyuzi za mwanga za TANESCO. Mtandao kama huo, au hata maabara ndogo ya shule huko Issenye, wilayani Serengeti, una kero iliyojificha: kila kompyuta ina saa yake, na kila saa ina mwendo wake.

Saa hiyo huendeshwa na fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Joto na uzee huipotosha. Kosa la sehemu 20 katika milioni huzaa sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Betri yake ndogo ikifa, umeme ukikatika kompyuta huwaka ikiwa imerudi miaka ya nyuma, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika.

Dawa ya saa kupotoka ni NTP, itifaki ya kuoanisha saa kupitia mtandao, ya David Mills, iliyotangazwa 1985. Tuseme kompyuta inaiuliza seva ya saa, yenyewe ikisoma 4:00:00. Seva inajibu papo hapo, yenyewe ikisoma 4:00:07. Jibu linamfikia muulizaji saa 4:00:02. Safari imechukua sekunde 2, basi swali lilifika katikati, saa 4:00:01 ya muulizaji. Amechelewa sekunde 6.

Hesabu hii husimama iwapo kwenda na kurudi ni sawa. Laini iliyoelemewa upande mmoja huiharibu. Kwa hiyo seva ya jirani ni bora kuliko ya mbali. Intaneti ikikosekana, teua kompyuta moja iwe mzee wa saa, zote zimfuate. Akikosea, zitakosea pamoja, lakini mafaili yatabaki katika mfuatano wake. Kipokezi cha GPS kitamnyoosha hata bila intaneti.

Usirudishe saa nyuma ghafla wakati watu wanafanya kazi: faili jipya litaonekana la zamani. Programu ya ntpd husahihisha kosa dogo taratibu. Sehemu ya kumi ya sekunde huchukua sekunde 200. Kosa kubwa liondolewe kompyuta inapowaka.

NTP hupeleka saa ya UTC, ileile Issenye na Stockholm. Kwa Issenye, kuongeza saa tatu ni kazi ya kila kompyuta. Ukiona moja imepishana na wenzake kwa saa tatu kamili, kagua ukanda wake wa saa kabla ya kuigusa seva.