Mikataba ya Ruzuku ya Kodi za Nyumba Nchini Marekani

Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani hutoa orodha ya majengo ambayo wapangaji wake wa kipato cha chini husaidiwa kodi na serikali. Kila jengo limeandikiwa idadi ya nyumba zinazosaidiwa na tarehe ya kwisha mkataba. Mpangaji aionapo tarehe hiyo imekaribia hushikwa na hofu ya kutupwa nje.

Mpango huo, ujulikanao kama Kifungu cha 8, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Mpangaji kwa kawaida hutoa asilimia 30 ya pato lake. Sehemu iliyobaki serikali humlipa mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mtu au kampuni binafsi. Mikataba mingi ya mwanzo, iliyokuwa ya miaka 20, ilifikia ukingoni katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 ikapitishwa sheria ya kuihuisha.

Kwa hiyo tarehe ile si siku ya kuhama. Mikataba mingine huongezwa mwaka mmoja mmoja, hata jengo likaonekana kila mwaka kuwa limo hatarini. La kutazamwa zaidi ni kodi ya mkataba ikilinganishwa na kodi ya eneo lile. Soko likipanda mno, mwenye nyumba huvutwa kujitoa. Naye, akitaka kujitoa, hana budi kuwaarifu wapangaji kwa maandishi mwaka mzima kabla.