Pampu ya joto: Mkazi wa Bamburi aonje maji ya kisima kabla ya kwenda dukani

MAJI ya kuogea ya Bamburi hayana baridi ya Limuru wala ya Nyahururu. Yanapochotwa kisimani huwa na joto la takriban nyuzi 27 mwaka mzima, na yale yaliyoshinda ndani ya tangi jeusi juu ya paa hadi alasiri huweza kumfanya mwogaji atafute ya kuyapoza. Aghalabu mgeni kutoka bara hustaajabu anapomsikia mwenye nyumba wa Kiembeni au Utange akiulizia bei ya hita.

Hata hivyo, haja ipo. Kusi inapovuma katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, mzee mwenye baridi yabisi hawezi kujimwagia alfajiri maji yaliyolala nje usiku kucha. Mama aliyejifungua huogeshwa na kukandwa kwa maji moto hadi atimize arobaini yake, na maji hayo huchemshwa kwa sufuria juu ya makaa au gesi, kisha hubebwa yakifuka mvuke kutoka jikoni hadi bafuni huku watoto wakipitapita. Nao wenye nyumba za kupangisha watalii, kati ya barabara kuu ya Malindi na ufuo, hawawezi kumwambia mgeni aliyelipa aoge kwa kata.

Kwa familia nyingi jawabu limekuwa shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo. Bei yake si kubwa, lakini huvuta wati 5,000 au zaidi kila inapowashwa, mzigo ambao nyaya nyembamba za nyumba kuukuu haziuwezi. Isitoshe, maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu. Ndiyo sababu maduka ya Mombasa huuza shawa maalumu za maji ya chumvi, ambazo waya wake wa kupashia umefunikwa usigusane na maji. Anayefunga ile ya kawaida kwenye maji ya kisima, tena katika nyumba isiyokuwa na waya wa ethi, anacheza na roho yake na ya wanawe.

Chombo kinachoanza kunadiwa sasa kuwa suluhisho ni hita inayotumia pampu ya joto. Wauzaji huisifu kwamba hupunguza gharama ya umeme kwa theluthi mbili au zaidi. Madai hayo si ya uongo, na kwa hakika Pwani ni mahali panapoifaa kuliko nchi za baridi ilikostawi. Ila kuna jambo ambalo mnunuzi wa Bamburi anapaswa kulipima mwenyewe kabla ya kutoa pesa, nalo ni chumvi.

Ajabu ya pampu ya joto ni kwamba haitengenezi joto bali hulihamisha. Bibi aliyeweka mtungi kivulini, mahali penye upepo, aliijua nusu ya siri hiyo. Maji yanayopenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo hugeuka mvuke, na kila tone linaloruka huondoka na joto la yale yaliyobaki. Ndipo maji ya mtungi huwa baridi ilhali chumba kina fukuto. Ndani ya pampu ya joto mna gesi inayofanya kazi ya tone hilo. Huchemka katika halijoto iliyo chini sana ya ile ya hewa, kwa hivyo hewa ya kawaida ya Bamburi inatosha kuichemsha, na inapochemka hunyonya joto la hewa hiyo. Kisha kompresa huikandamiza, nayo huzidi kuwa moto, kama ajuavyo yeyote aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Ikiwa katika hali hiyo hupitishwa kwenye mrija uliozungushwa tangini, huyaachia maji joto lake, hurudi kuwa kioevu, na safari huanza upya. Kwa ufupi, ni friji iliyogeuzwa: ubaridi hutupwa nje na joto likahifadhiwa ndani.

Si uvumbuzi wa jana. Mhandisi wa Austria, Peter von Rittinger, aliunda mtambo wa aina hii katika miaka ya 1850 ili kukausha maji ya chumvi kwenye kiwanda cha Ebensee. Chumvi ilikuwepo tangu kuzaliwa kwake.

Umeme unaotumika ni ule wa kuendesha kompresa na feni tu, kati ya wati 400 na 900 kwa mitambo mingi ya nyumbani. Kwa kila uniti moja ya umeme, mtambo uliowekwa mahali penye joto na unyevu kama Bamburi huweza kuyapa maji joto la uniti tatu hadi nne. Ulaya, mtambo huu ukiwekwa ndani ya nyumba wakati wa baridi huiba joto ambalo mwenye nyumba amekwisha kulilipia. Bamburi wizi huo ni hisani: hewa baridi inayotoka inaweza kuelekezwa jikoni au ghalani, ambako hakuna atakayelalamika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kupasha lita 150 za maji kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 55 kunahitaji karibu uniti 4.9 kwa hita ya kawaida ya tangi. Pampu ya joto itafanya kazi hiyo kwa uniti 1.4 hivi. Uniti tatu na nusu zimeokolewa. Tuseme uniti moja, pamoja na kodi na ada zake, inamgharimu mteja shilingi 30: kila siku ataweka akiba ya shilingi 105, na kwa mwaka zaidi ya shilingi 38,000. Ikiwa mtambo na ufundi vilimgharimu shilingi 200,000, pesa zake zitarudi baada ya miaka mitano na ushei.

Sasa achukuliwe mwenye familia ya watu watatu wanaotumia lita 60 tu kwa siku. Akiba yake ni kama shilingi 15,000 kwa mwaka, na mtambo ule ule utamchukua miaka 13 kujilipa, pengine baada ya kufa kwake. Huyo hana haja nao. Kanuni za Kawi za mwaka 2012 kuhusu kupasha maji kwa jua ziliweka kiwango cha lita 100 za maji moto kwa siku kuwa ndicho kilichomlazimu mwenye jengo kufunga mitambo ya jua. Si vibaya kukitumia kiwango hicho kama kipimo cha kwanza hata hapa. Na mwenye paa lake mwenyewe, lisilofunikwa na miembe wala na ghorofa ya jirani, afikirie hita ya jua kwanza, kwani jua halina bili. Pampu ya joto inamfaa zaidi anayeishi katika fleti, mwenye nyumba ya wageni inayotumia maji mengi hata usiku, au aliyekwisha kufunga paneli za jua na anataka mtambo mdogo wa kutumia umeme wa mchana.

Miaka mitano hiyo ndiyo inayotiwa shaka na chumvi. Bamburi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba ule ule uliokifanya kiwanda cha saruji kianzishwe hapo mwaka 1954 na ambao machimbo yake yakaja kuoteshwa miti na kuwa bustani ya Haller. Mwamba huo una matundu kama sifongo. Maji ya mvua yanayozama ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini kwa chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Visima vikizidi na mashine zikavuta bila kupumzika, tabaka la juu hupungua na la bahari hupanda. Kisima kilichokuwa kitamu wakati wa kujenga nyumba kinaweza kuwa cha chumvi leo.

Chumvi hiyo hula tangi. Matangi mengi ya mitambo hii ni ya chuma kilichopakwa ndani enameli, mfano wa ile ya sahani za zamani, pamoja na fimbo ya magnesi iliyowekwa ili iliwe badala ya chuma. Katika maji matamu fimbo hiyo huweza kudumu miaka kadhaa. Katika maji ya chumvi yaliyopashwa moto huisha upesi mno, na ikiisha zamu ni ya tangi. Wauzaji wengine husema tangi lao ni la chuma kisichoshika kutu. Kauli hiyo ipokelewe kwa tahadhari, kwa maana aina ya kawaida ya chuma hicho, inayojulikana kwa namba 304, hutoboka vitundu vidogo vidogo inapokaa na maji moto yenye kloridi nyingi. Aina ya 316 hustahimili zaidi, ingawa nayo ina mipaka yake.

Kwa hivyo safari ya mnunuzi ianzie kisimani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ladha ya chumvi huanza kutambulika kloridi inapozidi miligramu 250 kwa lita. Yaani ulimi ukihisi chumvi, onyo limekwisha kutolewa. Baada ya hapo sampuli ipelekwe maabara, ipimwe kloridi na ugumu wa maji, kisha karatasi ya majibu iwekwe kando ya karatasi ya dhamana. Watengenezaji wengi huandika humo, kwa herufi ndogo, kiwango cha kloridi ambacho kikipitwa dhamana hubatilika. Mnunuzi asiyesoma kifungu hicho hugundua kuwepo kwake siku tangi linapovuja.

Jibu la maabara likiwa baya, kuna njia. Nyumba nyingi za Bamburi zina matangi mawili, moja la kisima na jingine la maji ya mfereji au yanayonunuliwa kwa malori. Pampu ya joto ifungwe kwenye hilo la pili, pamoja na maji ya mvua yakiwezekana, na bomba la kisima lisikutane nalo popote, hata kwa vali ya dharura. Fundi akisema vali hiyo itafungwa daima, akumbuke kuna siku maji ya mfereji hayatakuja na mtu ataifungua.

Mrija wa gesi nao uchaguliwe ule uliozungushwa nje ya tangi, usiogusana na maji kamwe. Na mapezi ya alumini ambamo hewa hupita yawe yamepakwa dawa ya kuzuia kutu, kwani upepo wa bahari hubeba chumvi hadi mbali na ufuo, na alumini iliyoshikana na shaba huliwa haraka ikilowa chumvi. Kuhusu gesi yenyewe, makubaliano yaliyofikiwa Kigali mnamo Oktoba 2016 yanazitaka nchi kupunguza hatua kwa hatua gesi zinazoongeza joto la dunia, ikiwemo R134a iliyotumika sana katika hita hizi. Propani, yaani R290, haina madhara makubwa kwa hewa, lakini huwaka, hivyo mtambo wake usiwekwe katika chumba kilichofungwa karibu na jiko.

Mahali pa kuuweka ni upande wa nyumba ulioipa bahari kisogo, penye kivuli na hewa ya kutosha. Tangi la lita 200 likijaa huweza kupita kilo 250, kwa hivyo lisimame juu ya sakafu ya zege na lisiangikwe kwenye ukuta wa matofali ya matumbawe. Fundi wa umeme awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), mtambo uwe na swichi yake, ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini, na kifaa cha kuukinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Umeme usiwashwe kabla tangi halijajaa hadi maji yatoke mferejini. Kuna pia bomba dogo la kutolea maji yanayoganda kwenye mapezi kama jasho. Katika unyevu wa Pwani huwa lita kadhaa kwa siku. Hayo si ya kunywa, lakini yanafaa kumwagilia mimea.

Joto la tangi mara nyingi huwekwa nyuzi 50 au 55 ili kuokoa umeme. Hata hivyo, mara moja kwa wiki lipandishwe hadi nyuzi 60, kwa sababu maji yaliyokaa vuguvugu huzalisha bakteria wa Legionela, waliotambuliwa baada ya ugonjwa wa mapafu kuwaua watu 29 waliohudhuria mkutano hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Wazee ndio wanaoathirika zaidi, nao ndio walionunuliwa hita. Siku hiyo watoto wasifungue mfereji wa maji moto peke yao.

Matunzo yake yanataka utaratibu kuliko pesa. Mapezi yaoshwe kila mwezi kwa maji matamu, kwa mkono mwepesi, umeme ukiwa umezimwa. Kuyaosha kwa maji ya kisima ni kuyapaka sumu. Kila miezi mitatu lita chache zitolewe chini ya tangi ili mchanga na chokaa vitoke, na vali ya usalama iinuliwe ionekane kama inafanya kazi. Fimbo ya magnesi ichunguzwe kila mwaka, na mahali penye chumvi kila miezi sita. Ikiwa imebaki waya mtupu, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mirija iliyozibwa, na ikipungua maana yake pana tundu. Fundi anayekuja kila baada ya miezi sita kuongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo hajatengeneza chochote, na mwenye nyumba ana haki ya kumtaka alionyeshe kabla ya kulipwa.