Binti wa mpira wa mikono aliyewanoa makipa Makambako

Nilikwenda Makambako kujitolea kuwanoa makipa wa soka. Nikaishia kwenye mpira wa mikono, na mwanzoni niliona kama adhabu.

Zilikuwa siku za maandalizi ya UMISSETA. Upande wa soka wasaidizi walikuwa tele, kule kwingine hakuna mtu. "Wewe si umedaka? Nenda kadake na kule," mwalimu wa michezo akaniambia. Ni kweli nimedaka ndondo miaka mitatu, mpaka goti likagoma. Nikajiona najua.

Uwanja ni wa udongo, mistari ya majivu, na ule upepo wa Makambako anaoujua kila aliyewahi kusubiri basi pale njia panda. Goli la mpira wa mikono lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Ukishazoea lile letu la mita 7.32 kwa 2.44, unacheka. Nikakaa langoni niwaonyeshe kazi. Mabinti watano, kila mmoja mpira mmoja, kutoka mstari wa mita sita. Yote matano wavuni. Kila mara mimi niko chini, mpira unapita juu yangu.

Kipa wao, kidato cha pili, mfupi tu, akanisogelea. "Mwalimu, samahani. Unaanguka kabla hajarusha."

Akaingia yeye. Hakudaivu hata mara moja. Mrushaji akija, anapiga hatua mbele, anabaki wima, halafu anatanua mkono na mguu kwa pamoja. Mpira unampiga pajani, mwingine kwenye kiwiko, mwingine kwenye wayo. Kuudaka wala hana habari nako. Sheria zinamruhusu kuzuia hata kwa miguu akiwa kwenye eneo lake, naye anaitumia ruhusa hiyo yote.

Hapo nikamkumbuka Peter Schmeichel, aliyedaka Denmark ilipobeba Euro 1992. Wazee wa Manchester United hawajasahau alivyokuwa akijitanua mbele ya mastraika. Jamaa alicheza mpira wa mikono ujanani, na mtindo ule ulitoka huko. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma tu.

Kipa wetu wa soka alikuwa na ugonjwa wangu. Mrefu, mikono mizuri, lakini straika akibaki naye uso kwa uso, yeye kashalala. Mwalimu alishaanza kufikiria jina jingine kwa safari ya Njombe. Nikamleta kwenye goli dogo, binti akamsimamia. Wenzake walicheka, kidume kufundishwa na binti wa mpira wa mikono! Siku ya kwanza alifungwa hadi nikaacha kuhesabu. Siku ya nne walionyamaza ni wale waliokuwa wanacheka.

Njombe, kwenye mashindano ya mkoa, baridi ya Juni inakata vidole. Kipindi cha kwanza straika wao akachomoka peke yake. Dogo akasimama. Akasubiri. Mpira ukagonga ugoko wake ukatoka nje, nami nikapiga kelele kama shabiki wa Simba siku ya dabi.

Tulifungwa 1-0. Kona, kipa katoka, kaikosa, kichwa, goli.

"Ile ya kona mimi siijui, mwalimu," binti akaniambia tukirudi kwenye gari. "Kwetu hakuna krosi."

Krosi ilikuwa kazi yangu. Siku zote nne sikumrushia hata moja.