Viuavijasumu Wadini: Tiba, Usugu na Dhima ya Kiswahili

UTANGULIZI
Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, moto usiodhibitiwa huteketeza nyumba pamoja na aliyeuwasha. Ndivyo zilivyo dawa ziitwazo viuavijasumu, yaani antibiotiki. Alexander Fleming aligundua penisilini jijini London mwaka 1928. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha kwamba kuitumia dawa hiyo kwa kiwango kisichotosha kungevifunza vimelea kuistahimili. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi dawa hizi zinavyoagizwa na kutumiwa kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kubainisha kwamba sehemu ya tatizo lililopo ni ya kilugha.

HALI ILIVYO WADINI
Mgonjwa anapofikishwa wadini akiwa mahututi kwa maambukizi, daktari hawezi kungojea maabara. Kuotesha vimelea na kuvitambua huchukua siku mbili au zaidi, na kuchelewa kwaweza kuwa kifo. Hivyo basi, tiba huanza kwa makadirio ya kitaalamu. Kosa halimo katika kuanza, bali katika kutorejea. Inapasa baada ya saa 48 hadi 72 jalada lifunguliwe upya na uamuzi ufanywe: dawa isimamishwe, ibadilishwe kwa nyingine inayolenga kimelea kilichotambuliwa, au mgonjwa aondolewe sindano ya mshipani apewe vidonge. Pasipo marejeo hayo, dawa huendelea siku baada ya siku kwa mazoea tu. Vivyo hivyo, mgonjwa wa upasuaji aghalabu huhitaji kinga ya dawa kabla ya kupasuliwa, lakini huongezewa siku kadhaa baadaye pasipo faida.

Utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za umma nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliolazwa walikuwa wakitumia viuavijasumu. Shirika la Afya Duniani liliziainisha dawa hizi katika makundi matatu mwaka 2017: za matumizi ya kawaida, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni, sindano inayotumika sana wadini, imo katika kundi la pili.

USUGU NI WA NANI?
Neno "usugu" limetokana na "sugu", linalodokeza kitu kilichokomaa kisichobadilika kwa urahisi, kama katika "mhalifu sugu". Swali ni hili: kinachokuwa sugu ni nini? Wengi hudhani ni mwili "uliozoea dawa". Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 katika nchi 12 ulibaini kwamba takribani robo tatu ya waliohojiwa walikuwa na dhana hiyo potofu. Ukweli ni kwamba bakteria ndio wanaokuwa sugu. Dawa huwaua walio dhaifu, wenye uwezo wa kuistahimili wakasalia na kuzaana. Bakteria hao waweza kupita kutoka kitanda hadi kitanda, kwa mikono isiyooshwa, hadi kwa mgonjwa ambaye hajawahi kuionja dawa yenyewe. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

DHIMA YA LUGHA
Istilahi "kiuavijasumu" imeundwa kwa ufasaha, lakini ina mtego. Kwa msemaji wa kawaida, "kijasumu" ni kijidudu chochote kiletacho maradhi, virusi wakiwemo. Ilhali dawa hizi huwaangamiza bakteria, haziwadhuru virusi wa mafua. Si ajabu basi kwamba jamaa wa mgonjwa hudai sindano hata pale isipohitajika, na kumwona daktari anayeikataa kuwa mchoyo. Isitoshe, agizo la "mara tatu kwa siku" laweza kufasiriwa kuwa asubuhi, mchana na jioni, ilhali dawa yenyewe yahitaji kutolewa kila baada ya saa nane, usiku ukiwemo.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na tiba yake kwa lugha anayoielewa. Kwa wagonjwa wengi, lugha hiyo ni Kiswahili. Kauli kama hii haihitaji kamusi: "Mama, dawa hii inaua bakteria walio kwenye mapafu yako. Tutakupa kila baada ya saa nane. Kesho kutwa tutaangalia majibu ya maabara, na kama haihitajiki tutaisimamisha." Mgonjwa aliyeambiwa hivyo ana haki na ujasiri wa kuuliza siku hiyo ifikapo: majibu yamesemaje?

HITIMISHO
Ni bayana kwamba usugu hautakomeshwa na madaktari pekee. Wanaisimu na wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kushirikiana na wafamasia na wauguzi katika kusanifu istilahi na maelezo yasiyopotosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, dawa za akiba zikishaisha nguvu, hauna fundi.